Mtoto Aliyeondoshwa Kifuani: Neno la Kiga na Maneno Yetu

Yako maneno ya lugha za Afrika yaliyosafiri mbali kuliko wasemaji wake wenyewe. Moja la namna hiyo ni kwashiorkor. Halikutoka katika Kilatini wala Kiyunani, kama yalivyotoka majina mengi ya maradhi. Ni neno la Kiga, lugha ya watu wa Accra na pwani iliyo karibu nayo, na leo limeandikwa katika vitabu vya utabibu vya ulimwengu mzima. Hata katika Kiswahili limeingia, nao wengi hulitamka kwashakoo, pasipo kujua limetoka wapi wala lasema nini. Twataka kueleza hapa jinsi neno hili lilivyotoka vinywani mwa mama wa Accra likawafikia matabibu wa Ulaya, na kwa nini habari zake zatupasa sisi tufundishao shuleni na kuhubiri makanisani katika nchi hizi za mashariki. Maana sisi nasi tunayo maneno yetu juu ya jambo lilo hilo, na tumeyatendea isivyo haki kwa njia mbili, kama itakavyoonekana.

Na tuanze na jambo lenyewe, yaani mtoto alavyo na mtoto akuavyo. Mtoto mchanga aliyezaliwa na siha huwa na kimo cha sentimeta 50 hivi. Akitimiza mwaka mmoja hufika 75 au karibu yake, na akitimiza miwili hufika 87 hivi. Hakuna wakati mwingine baada ya kuzaliwa ambapo mwanadamu hurefuka upesi namna hiyo. Uzito wake nao huwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa apatapo miezi 5 hivi, na mara tatu atimizapo mwaka. Mwili ujengwao kwa haraka hivi wataka vitu vya kujengea. Kwa miezi 6 ya kwanza vitu hivyo vimo katika maziwa ya mama, nayo yatosha. Baada ya hapo hayatoshi peke yake, ingawa yangali yafaa sana, na ndipo ianzapo shida. Mtoto wa miezi 8 ana tumbo dogo, lisiloweza kupokea zaidi ya kikombe kimoja kwa mlo. Ukimpa uji mwepesi wa mahindi atashiba, lakini alichopata ni maji mengi na unga kidogo. Kikombe cha maziwa ya mama chamzidi nguvu uji wa namna hiyo. Hivyo mtoto aweza kulala ameshiba kila siku, na huku hakui.

Katika mwaka 1929 alifika Gold Coast, nchi ambayo tangu 1957 huitwa Ghana, daktari mwanamke jina lake Cicely Williams. Alizaliwa Jamaica mwaka 1893, akasoma Oxford, akahitimu udaktari mwaka 1923, zamani ambazo mwanamke mwenye shahada hiyo alikuwa hapati kazi kwa urahisi. Huko Accra aliwekwa kuangalia watoto, na miongoni mwa wagonjwa wake waliletwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hata minne, wenye dalili ambazo hakuzikuta vitabuni. Mikono na miguu yao ilivimba. Walikuwa wakali wa kulialia, hawataki kuguswa, hawataki kula, tumbo linawaendesha, midomo ina vidonda, ngozi yageuka rangi kisha yabambuka kama iliyoungua. Nywele nazo hupoteza weusi wake. Uvimbe ulipokwisha, chini yake palionekana mwili uliokonda kabisa, na wengi walikufa.

Jambo la kushangaza ni kwamba watoto hao hawakuwa wameachwa bila chakula. Walikuwa wakilishwa vyakula vya mahindi yaliyochachushwa, wengine uji, wengine madonge yake yaliyopikwa, ndivyo vyakula vya kila siku vya watu wa pwani ile. Basi mwaka 1933 Bibi Williams aliandika katika jarida la matabibu wa watoto la Uingereza habari za maradhi ya utotoni yatokanayo na chakula, yaliyofungamana na ulaji wa mahindi. Katika makala ile jina la Kiga halikutajwa.

Mara akajibiwa. Hugh Stannus, tabibu aliyepata kufanya kazi Nyasaland na kuheshimiwa sana kwa elimu yake ya maradhi ya nchi za joto, aliandika kwamba hili si jambo jipya, ni pelagra tu, ugonjwa ujulikanao tangu zamani kwa walaji wa mahindi. Wala hatuwezi kumwita mjinga. Pelagra nayo hutoka katika mahindi, nayo huharibu ngozi, na mtu akitazama ngozi peke yake aweza kukosea. Lakini Bibi Williams alikuwa ameziona ngozi hizo mamia ya siku, na mwenzake alikuwa akisoma habari zake akiwa Ulaya.

Mwaka 1935 akaandika tena, safari hii katika jarida la Lancet, na neno la kwanza la anwani yake likawa kwashiorkor. Akaeleza kwamba kwa Kiga jina hilo lataja maradhi yampatayo mtoto aliyeondoshwa mahali pake wakati mdogo wake azaliwapo. Wako walioandika baadaye kwamba maana yake ni mtoto mwekundu, kwa ajili ya zile nywele na ngozi, lakini aliyelipokea neno kwa mama wa Accra ni yeye, nasi twaona ya kwamba tafsiri yake ndiyo iliyo na uzito. Kwa Kiswahili tungeweza kusema mtoto aliyeuzuliwa, kama sultani auzuliwavyo. Na hakika mtoto wa kifuani ni sultani wa nyumba hata siku ile ajapo mwingine.

Tutazame neno hilo limefanya nini. Anwani ya mwaka 1933 ilitaja maradhi, na chakula, na utoto. Jina la Kiga lilitaja saa ya nyumbani. Lilisema: mtafuteni mtoto huyu katika nyumba ambayo mama amezaa tena au yu karibu kuzaa, mwulizeni, si anakula nini leo tu, bali aliacha lini kunyonya, na kwa sababu gani. Jina la pelagra laeleza ngozi ilivyo. Jina la Kiga laonyesha njia ambayo mtoto alipita hata ngozi ikawa hivyo. Mama wale hawakujua habari za protini, wala kwamba mahindi yamepungukiwa na baadhi ya vitu ambavyo mwili hujengea nyama. Lakini kwa kuzika watoto vizazi kwa vizazi walikuwa wamejua utaratibu wa msiba huu, wakautia katika neno moja.

Bibi Williams alihamishwa kwenda Malaya mwaka 1936. Huko alikuta msiba mwingine wa chakula cha watoto, yaani maziwa ya makopo yenye sukari yaliyouzwa kwa mama ambao wangaliweza kunyonyesha, na mwaka 1939 alisimama mbele ya wafanya biashara na wakubwa wa Singapore akatoa hotuba aliyoiita Maziwa na Uuaji. Wajapani walipoishika nchi alifungwa gerezani Changi hata 1945. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba katika kifungo hicho walizaliwa watoto 20, wote 20 wakanyonyeshwa, na wote 20 wakaishi. Mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na watoto katika Shirika la Afya Duniani. Alifariki mwaka 1992.

Sasa tuje upande wetu. Katika mwaka ule ule wa 1929 alifika Kenya Hugh Trowell, tabibu Mwingereza, akahamia Uganda mwaka 1935, akafanya kazi na kufundisha katika hospitali ya Mulago, Kampala. Naye aliona watoto waliovimba na kubambuka ngozi, naye kwa miaka mingi akayaita maradhi yao pelagra ya watoto, akiifuata njia ya Stannus. Ilipopatikana dawa ya pelagra akawapa watoto wake, na watoto wakaendelea kufa. Kuona hivyo alikiri kwamba jina lake lilikuwa na kosa. Hata mwaka 1954, pamoja na wenzake Davies na Dean, akatoa kitabu kikubwa juu ya maradhi hayo, na jina la kitabu ni lile neno la Kiga. Baadaye huyu Trowell aliwekewa mikono akawa kasisi, jambo ambalo wasomaji wetu watapenda kulijua. Lakini sisi twamheshimu zaidi kwa kule kukubali kuacha jina alilolizoea.

Na kumbe huko Buganda neno lilikuwako siku zote. Baganda huita obwosi maradhi yampatayo mtoto anyonyaye ambaye mama yake amekwisha pata mimba nyingine. Kutoka Accra hata Kampala ni safari ya miezi kwa miguu ya mtu yeyote, lugha hazisikilizani, chakula si kimoja, kwa maana huku ni ndizi na huko ni mahindi. Lakini maneno yote mawili yasimama mahali pamoja, penye mlango ambao mtoto mmoja atoka na mwingine aingia. Ndizi za kupika nazo, ziwe nyingi namna gani, zina vitu vichache vya kujenga mwili wa mtoto. Tena desturi ya wengi huko ilikuwa kumwachisha mtoto kwa siku moja, na pengine kumpeleka kwa bibi yake au jamaa mwingine ili asahau ziwa. Marcelle Geber, mwanamke Mfaransa aliyewachunguza watoto wa Kampala katika miaka ya 1950, aliona jinsi mtoto aliyekuwa mchangamfu alivyonyamaza na kuzubaa baada ya kutengwa hivyo. Mtoto aliyehuzunika hali. Hapo chakula kibaya na majonzi vyakutana katika bakuli moja.

Je, Kiswahili kinasemaje? Kwanza linayo kazi nzuri neno la kulikiza. Kumlikiza mtoto ni kumwachisha kunyonya, na kitenzi hicho hicho ni kumpa mtu ruhusa aende zake. Ndilo neno ambalo kwalo tumepata likizo, ile ya wanafunzi na makarani. Twapenda sana wazo lililomo ndani yake. Mtoto aliyelikizwa hakufukuzwa, amepewa ruhusa. Siku hizi watu husema zaidi kumwachisha ziwa, na neno la kulikiza latoweka kwa vijana, lisalie katika kamusi. Pili tunaye mziwanda, mtoto wa mwisho, yule ambaye hakufuatwa na mwingine. Wala hatudhani ni bahati tu kwamba masikio yasikia ziwa katika jina lake. Mtoto huyo hakuuzuliwa na mtu.

Lakini neno lenye uzito kuliko yote ni kubemenda. Kila mwalimu aliyekaa katika vijiji vya nchi hizi amelisikia. Mtoto amekonda, miguu haina nguvu, hajatembea na wenzake wanatembea. Wanawake wazee wamtazama, wanong'ona, kisha mmoja asema, mtoto huyu amebemendwa. Maana yake, wazazi wamekutana kabla mtoto hajafikia wakati wa kuachishwa, au mama amepata mimba upesi, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na maziwa yameharibika. Wadigo na Wagiriama na jamaa zao wa pwani ya Kenya wanalo neno chirwa, lenye maana iliyo karibu na hiyo, la mtoto aliyedhoofika kwa sababu miiko ya wazazi imevunjwa.

Tulisema kwamba maneno haya tumeyatendea isivyo haki kwa njia mbili. Ya kwanza ndiyo hii. Walimu na wahubiri wengi waliotutangulia waliposikia kubemenda walisikia ushirikina peke yake. Wakacheka, au wakakemea. Hawakuona kwamba neno hilo lilikuwa ukuta. Kwa sababu ya hofu ya kubemenda, mume na mke walijizuia miaka miwili au zaidi, na mtoto akanyonya muda huo wote pasipo mshindani. Sheria ya Waislamu wa pwani nayo, kama ilivyo katika Kurani, yataja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha. Na katika Biblia Hana hakumpeleka Samweli Shilo mpaka amemwachisha. Watu waliokuwa hawana mizani wala vipimo walijua kwamba miaka miwili ya kwanza ni ya mtoto mmoja.

Ukuta huu uliguswa na mikono mingi. Katika Kongo ya Wabelgiji wakubwa wa serikali na wamisioni waliogopa kwamba watu wanapungua, wakaona kunyonyesha kwa miaka mingi kwazuia uzazi, tena kwafanya mume atake mke wa pili wakati wa kungojea. Ilionekana ya kwamba mtoto akiachishwa mapema, mama atazaa upesi, na ndoa ya mke mmoja itathibitika. Kwa hiyo katika miaka ya 1910 na ile iliyofuata zilianzishwa vituo vya kugawa maziwa kwa watoto, pamoja na mafundisho ya kuachisha mapema. Nia haikuwa mbaya. Walakini aliyeshauri hivyo alikuwa akiharakisha saa ile ile ambayo jina la Kiga lilikuwa likiionya. Sisi tulio warithi wa mafundisho ya ndoa hatusemi kwamba mafundisho yalikuwa na kosa. Twasema kwamba tulibomoa ukuta kabla ya kuuliza ulikuwa wazuia nini.

Njia ya pili ni kinyume cha ya kwanza, na yaonekana zaidi siku hizi, ambapo kuheshimu mila kumekuwa jambo la kusifiwa. Wako wasemao kwamba wazee walijua yote. Hawakujua yote. Neno kubemenda laona kweli utaratibu wa mambo, lakini lakosea sababu, na kosa hilo laua watoto. Maziwa ya mama mwenye mimba hayana sumu. Kukutana kwa mume na mke hakuharibu maziwa. Lakini mama aaminiye kwamba yameharibika, siku ile ajuapo kuwa ana mimba, hupaka shubiri na kumnyima mtoto ziwa mara moja, naye hajafundishwa kula kitu kingine ila uji. Hapo mtoto hudhoofu kweli, na watu husema, mwaona, amebemendwa. Neno lililowekwa kumlinda mtoto ndilo limemwondosha kifuani. Tena latia aibu. Mama wa mtoto aliyebemendwa ni mama aliyeshitakiwa. Atamfunika mtoto kwa kanga, hatampeleka zahanati penye wanawake wengine, atamtafuta mganga wa siri. Na mtoto afikapo kwa tabibu, miguu imekwisha vimba. Sisi wenyewe tumepata kuona kanga ya namna hiyo ikifunuliwa, nasi hatutaki kuandika zaidi juu yake.

Katika jambo hili neno la Kiga latushinda. Nalo limetaja mimba na mdogo ajaye, lakini kama alivyolieleza Bibi Williams halimtaji mwenye kosa. Mtoto ameondoshwa, ndivyo ilivyo dunia. Kubemenda ni kitenzi, na kitenzi chataka mtenda.

Elimu ya matabibu nayo ilikuwa na safari yake, nasi tutaipitia kwa ufupi. Baada ya vita vya pili vya dunia wataalamu waliona kwamba upungufu wa protini ndio mzizi wa yote, na mashirika makubwa yakafanya bidii ya kutafuta unga wa samaki na vyakula vingine vya namna hiyo kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Mwaka 1968 Gopalan wa India alionyesha kwamba watoto wanaovimba na wale wanaokonda bila kuvimba hawakuwa na tofauti kubwa katika vyakula walivyolishwa, na mwaka 1974 McLaren aliandika kwa maneno makali kwamba habari ya protini ilikuwa upotevu mkubwa. Hata sasa jambo halijaisha. Mwaka 2013 walichapisha uchunguzi wa mapacha wa Malawi, nchi ile ile ya Stannus ya zamani: watoto wawili wa nyumba moja na chungu kimoja, mmoja apata kwashiorkor na mwenziwe hapati, na tofauti yao kwa sehemu ilionekana katika vijidudu vilivyomo matumboni mwao. Neno la Kiga limeona nadharia hizi zikija na kwenda, nalo halijabadilishwa.

Jambo lililotufaa sisi watu wa vijijini lilitoka mahali pengine, na lilikuwa karatasi tu. David Morley, tabibu Mwingereza, alikwenda Nigeria mwaka 1956, katika hospitali ya misioni ya Wamethodisti iliyoko Ilesa, akawafuata watoto wa kijiji kiitwacho Imesi-Ile tangu kuzaliwa kwao. Aliwapima uzito kila mara, akauandika kama mstari upandao katika kadi. Aliona kwamba kwa miezi ya kwanza, wakati wa kunyonya, mstari wa mtoto wa Imesi-Ile hupanda sawasawa na wa mtoto wa Ulaya. Katika nusu ya pili ya mwaka huanza kulala, na waweza kulala hivyo mwaka mzima. Kadi hiyo ilikabidhiwa mama mwenyewe akae nayo nyumbani. Twaona uzuri wake ni huu: uvimbe wa kwashiorkor ni kelele ya mwisho, lakini mstari uliolala ni mnong'ono wa miezi mingi kabla, wala hauulizi mama alilala wapi.

Twautaja mfano mmoja wa kwetu. Kuanzia mwaka 1983, katika mkoa wa Iringa, serikali ya Tanzania pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani walianza kazi katika vijiji 168. Watoto walipimwa hadharani, matokeo yakasomwa mbele ya halmashauri ya kijiji, na kila kijiji kikajiuliza kwa nini watoto wake hawakui. Lilionekana jambo ambalo kila mama alilijua na hakuna aliyelihesabu: mtoto alikula mara mbili kwa siku, kama mtu mzima, kwa sababu mama yuko shambani. Ukaonekana pia ubaya wa uji mwepesi. Hapo ndipo kilipokumbukwa kimea. Mpishi wa pombe yeyote ajua kwamba unga wa nafaka iliyooteshwa hulainisha uji mzito. Wataalamu wa Tanzania walikuwa wamekwisha kuandika juu yake: ukitia kijiko cha kimea katika uji mzito, huwa mwepesi wa kumezeka, na unga uliomo ni ule ule mwingi. Mtoto apata katika kikombe kimoja alichokuwa akikihitaji katika viwili. Kwa miaka minne tu idadi ya watoto wenye uzito pungufu katika vijiji vile ilishuka kutoka zaidi ya nusu hata chini ya wanne katika kila kumi. Wamisioni wa zamani walikipiga vita kimea kwa ajili ya pombe. Hatucheki, lakini yafaa kukumbuka.

Wako bado wasemao kwamba watoto wetu ni wafupi kwa asili. Jibu lake lilitolewa kwa vipimo. Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilipima watoto 8,440 katika miji sita: Pelotas wa Brazili, Davis wa Marekani, Delhi wa India, Oslo wa Norwe, Muskati wa Omani, ambako Kiswahili husikika katika nyumba nyingi, na Accra. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vema na kulishwa vema. Vimo vyao vilifanana mno, hata kutoka kwao vikatungwa vipimo vilivyotangazwa mwaka 2006, ambavyo kwavyo watoto wa dunia yote hupimwa leo. Basi mji ule ule uliotoa jina la mtoto asiyekua ndio pia uliotoa watoto wa kupimia wengine. Kwa vipimo hivyo, mwaka 2022 watoto waliodumaa chini ya miaka mitano walikuwa 30 katika kila 100 Tanzania, na 18 katika kila 100 Kenya.

Wasomaji wetu wengi wako mahali ambapo lugha ya mama si Kiswahili. Twawaomba watuandikie. Katika lugha ya kwenu, mtoto anyonyaye ambaye mama yake amepata mimba huitwaje? Na yule aliyeachishwa kwa ajili ya mdogo wake? Neno hilo lataja maziwa, au mimba, au kosa, au huzuni ya mtoto? Mtoto huachishwa akiwa na umri gani, kwa siku moja au kidogo kidogo, na nani ampokeaye usiku ule wa kwanza? Chakula chake cha kwanza huitwaje, nacho hupikwa na nini zaidi ya unga? Tafadhalini mwaulize wanawake wazee, tena mwaandike maneno yao kama yalivyosemwa, kabla ya kuyatafsiri.